Gari-nyumba Huharibikia Maegeshoni

Gari-nyumba lina kitanda, jiko na choo ndani yake, na huko Marekani, Kanada na Ulaya familia nyingi huzunguka nalo majira ya joto, kisha huliegesha miezi yote ya baridi. Likileta hitilafu, lawama ya kwanza huangukia safari: barabara mbovu, mitikisiko, matumizi mengi. Kwa betri za ndani na tangi la choo, lawama hiyo mara nyingi haina msingi. Kemia ya betri na maisha ya bakteria tangini vinaonyesha kwamba namna vitu hivi viwili vinavyoachwa huviumiza kuliko namna vinavyotumiwa.

Tuanze na betri. Magari-nyumba mengi bado hutegemea betri ya risasi na asidi, aina aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Betri ya volti 12 ina seli sita, na ndani ya kila seli mabamba ya risasi na ya oksidi ya risasi yamezama katika asidi ya salfa. Inapotoa umeme, mabamba yote hutanda salfeti ya risasi, na asidi huzidi kuwa nyepesi. Ikichajiwa mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Ikiachwa wiki nyingi bila chaji, chembe zake huungana kuwa fuwele kubwa na ngumu ambazo chaja ya kawaida haiziondoi tena, na sehemu hiyo ya bamba haitoi umeme. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6; ikisoma 12.1 hivi, imebaki nusu. Tatizo ni kwamba gari lililoegeshwa halilali kabisa. Kitambua gesi na redio huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo usiku na mchana, na betri yenyewe hupungua hata isipounganishwa na kitu chochote. Baridi ikikaza, betri tupu huweza kuganda kwenye nyuzi 10 hivi za selsiasi chini ya sifuri na kupasuka kasha, ilhali iliyojaa huhimili hata nyuzi 50 chini ya sifuri.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi kuna betri zilizofungwa zisizohitaji kuongezwa maji, na kuna za lithiamu. Betri iliyofungwa humpunguzia mwenyewe kazi ya kuongeza maji, lakini mabamba yake ni yaleyale ya risasi, nayo hutanda salfeti vilevile. Ya lithiamu kweli haina ugonjwa huo, na inaweza kuhifadhiwa ikiwa na chaji ya nusu bila madhara. Hata hivyo nayo ina mwiko wake: ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu hujipaka juu ya elektrodi kama metali na kuiharibu moja kwa moja. Aina ya betri ikibadilika, kinachobadilika ni masharti ya kuiacha.

Tangi la choo nalo lina masharti yake. Kosa kubwa hutokea pale gari linapounganishwa na bomba la maji taka la kambi, na mwenyewe akaacha valvu wazi ili asisumbuke. Maji hutoka mara moja, kinyesi na karatasi hubaki, na baada ya siku chache rundo husimama chini ya choo kama kichuguu. Valvu inapaswa kufungwa hadi tangi lifikie angalau theluthi mbili, ili maji mengi yatoke kwa nguvu na kusomba kila kitu. Tangi la kijivu, lenye maji ya sinki na bafu, hufunguliwa mwisho ili lisuuze mpira wa kumwagia. Kisha tangi la choo hutiwa maji kidogo kabla ya choo kutumika tena.

Pingamizi lenye uzito ni la maji. Katika jangwa la Quartzsite, Arizona, ambako magari-nyumba mengi hukusanyika kila majira ya baridi, wengi hukaa mbali na bomba lolote, na kila lita ina thamani. Lakini maji yaliyooshea vyombo yanaweza kusukumia choo. Wengine hutegemea dawa kali, hasa zenye fomaldehaidi. Dawa hizo huzuia harufu kwa kuua bakteria, wakiwemo wale wanaoozesha taka kwenye mashimo ya maji taka zinakomwagwa, na karatasi iliyokauka haitang'oka kwa sababu bakteria wamekufa. Isitoshe, harufu ya mayai viza haitoki tangini peke yake: betri ya risasi iliyochajiwa kupita kiasi nayo hutoa salfidi ya haidrojeni, gesi ya sumu. Anayeongeza dawa chooni kabla ya kukagua chaja huenda anatibu kisichougua.

Kwa hiyo kanuni ni fupi: tangi lilale limemwagwa na kusuuzwa, na betri ya risasi ilale imejaa, waya zake zimechomolewa, ikipimwa volti kila mwezi. Sehemu ya pili inawahusu pia wasomaji wa Afrika Mashariki wenye betri za risasi za sola nyumbani, hata kama hawatapanda gari-nyumba maishani. Kabla ya kufunga nyumba na kusafiri, hakikisha betri imejaa na hakuna taa iliyoachwa ikiwaka.