Darubini moja kwa mawindo na shabaha: Namba kubwa si ubora

MTU anayenunua darubini ya bunduki kwa mara ya kwanza huvutwa na namba kubwa. Akionyeshwa mbili, moja ikikuza mara 9 na nyingine mara 25, huamini kuwa ya pili ndiyo bora, hasa kama amekusudia kuitumia porini na pia katika ulengaji shabaha wa masafa marefu.

Imani hiyo ni chanzo cha makosa mengi. Kwa mlenga shabaha, kosa hugharimu pointi na fedha. Kwa mwindaji hugharimu zaidi, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa hukimbia na risasi mwilini, akaenda kufa kwa mateso vichakani. Akiwa ni nyati, huwa hatari kwa wanaomfuatilia na hata kwa mwanakijiji aliyekwenda kukata kuni asijue lolote.

Je, darubini moja inaweza kuzifanya kazi zote mbili? Jibu ni ndiyo, ila kwa masharti. Makala haya yanaeleza masharti hayo, na kwa nini mnunuzi anapaswa kuanza kuitazama namba ndogo kabla ya ile kubwa.

Namba zinasema nini

Darubini iliyoandikwa 3-9x40 hukuza taswira kuanzia mara 3 hadi mara 9, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Ile ya 5-25x56 hukuza kuanzia mara 5 hadi mara 25, na lenzi yake ya mbele ni ya milimita 56.

Kadiri ukuzaji unavyoongezeka, ndivyo eneo linaloonekana linavyopungua. Katika umbali wa meta 100, darubini iliyowekwa kwenye 3 huonyesha eneo lenye upana wa meta 10 au 11 hivi. Ikiwekwa kwenye 9, upana huo hushuka hadi meta 4 hivi. Ikifika 25, hubaki kama meta moja na nusu.

Kwa mlenga shabaha hilo si tatizo, kwani karatasi yake haitembei. Amelala chini, bunduki imeegemezwa, na ana muda wa kutulia.

Porini mambo ni tofauti. Katika misitu ya miombo ya magharibi na kusini mwa Tanzania, mnyama anaweza kuonekana kati ya miti akiwa meta 60 tu, na kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Nyati huweza kukutwa kichakani akiwa meta 30.

Kwa umbali huo wa meta 30, darubini ambayo ukuzaji wake wa chini kabisa ni mara 5 huonyesha upana wa meta moja na nusu hivi. Mwindaji ataona ubavu mweusi, asijue kama ni bega au paja, wala kama nyuma yake yupo mnyama mwingine.

Ndiyo maana anayetaka darubini ya kazi mbili aanze na namba ya chini. Ikiwa 2.5 au 3, porini atakuwa salama. Ikiwa 4, atamudu kwenye mbuga za wazi. Ikiwa 5 au zaidi, amekwishanunua darubini ya uwanja wa shabaha.

Kwa upande wa juu, kukuza mara 15 au 16 kunatosha kulenga shabaha ya kawaida hadi meta 600 na hata zaidi. Namba za 25 na kuendelea zina faida kwa washindani wanaogombania milimita, lakini siku ya jua kali hukuza pia mawimbi ya joto yanayopanda kutoka ardhini, na shabaha ikaonekana kama inaogelea.

Mwanga wa jioni

Wanyama wengi hutoka malishoni alfajiri na jioni, wakati mwanga ni hafifu. Hapa kuna hesabu rahisi ambayo kila mnunuzi anaweza kuifanya akiwa dukani.

Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Jibu ni kipenyo cha duara la mwanga linaloingia jichoni. Lenzi ya milimita 40 kwa ukuzaji wa mara 9 hutoa duara la milimita 4.4. Lenzi ya milimita 56 kwa ukuzaji wa mara 25 hutoa milimita 2.2 tu.

Gizani, mboni ya jicho la kijana huweza kufunguka hadi milimita 7 hivi, na uwezo huo hupungua umri unavyosogea. Kwa hiyo ile darubini kubwa, ikiwekwa kwenye namba yake ya juu, huonyesha giza mapema kuliko ile ndogo. Jioni, dawa ni kupunguza ukuzaji.

Aidha, ubora wa kioo una uzito kuliko ukubwa wake. Kioo kisichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao hupoteza takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake. Darubini yenye nyuso 16 za vioo vya namna hiyo ingepitisha karibu nusu tu ya mwanga ulioingia.

Tatizo hilo lilipata ufumbuzi mwaka 1935, wakati Alexander Smakula wa kampuni ya Carl Zeiss nchini Ujerumani alipovumbua utando mwembamba wa kuzuia mng'ao. Siku hizi darubini nzuri hupakwa tabaka kadhaa kwenye kila lenzi. Hapo ndipo fedha ya mnunuzi inapokwenda, ingawa haionekani kwenye namba.

Msalaba: wa mbele au wa nyuma?

Ndani ya darubini kuna msalaba wa kulengea. Mafundi huuweka mahali pamoja kati ya pawili, na tofauti hiyo hupuuzwa na wanunuzi wengi.

Ukiwekwa mbele ya lenzi za kukuzia, msalaba hukua na kupungua pamoja na taswira. Alama zake hupima kiasi kilekile katika kila ukuzaji. Ukiwekwa nyuma, msalaba hubaki na ukubwa uleule, na alama zake huwa sahihi katika namba moja tu ya ukuzaji, mara nyingi ile ya juu kabisa.

Chukua mfano wa darubini ya 4-16 yenye msalaba wa nyuma. Alama inayopima sentimita 30 kwa umbali wa meta 300 ikiwa kwenye 16, itapima sentimita 60 ikiwa kwenye 8. Mwindaji aliyesahau jambo hilo, akatumia alama hiyo kufidia kushuka kwa risasi, atapiga sentimita 30 juu ya alipokusudia. Kwa swala pala, ambaye eneo la moyo na mapafu yake halizidi sana sentimita 15, hilo ni kosa kubwa.

Hata hivyo, msalaba wa mbele nao una kasoro. Darubini ikiwa kwenye namba ya chini, alama zake huwa nyembamba kama uzi wa buibui na hupotea vichakani jioni. Kwa hiyo anayeuchagua atafute wenye mikono minene pembeni, au wenye taa ndogo katikati.

Vifundo vya kurekebishia

Risasi haiendi kwa mstari ulionyooka. Risasi ya .308 Winchester, katika bunduki iliyorekebishwa kupiga sawasawa meta 100, hushuka karibu nusu meta ifikapo meta 300, na karibu meta 3 ifikapo meta 600. Kwa meta 1,000 hushuka zaidi ya meta 10.

Mlenga shabaha hufidia anguko hilo kwa kuzungusha kifundo kilicho juu ya darubini. Vifundo hupimwa kwa miliradiani au kwa dakika za pembe. Miliradiani moja ni sawa na sentimita 10 kwa umbali wa meta 100, na kila hatua ya kifundo huwa sehemu moja ya kumi yake, yaani sentimita moja. Dakika moja ya pembe ni milimita 29 hivi kwa umbali huo.

Kwa msomaji aliyezoea meta na sentimita, miliradiani ni rahisi zaidi. Risasi ikishuka meta 2.7 katika meta 600, hiyo ni miliradiani 4.5, au hatua 45 za kifundo. Jambo la lazima ni msalaba na vifundo kutumia kipimo kimoja.

Porini, kifundo kilicho wazi huweza kuzunguka chenyewe kikisuguana na mkanda, tawi au kiti cha gari. Mwindaji asipotambua, risasi yake ya kwanza huenda asikokujua. Darubini ya kazi mbili iwe na kifundo cha juu chenye kufuli, na kizuizi kinachokirudisha palepale kilipoanzia.

Kabla ya kuiamini, ijaribu uwanjani. Piga risasi chache, zungusha kifundo juu hatua 50, piga tena, kisha kirudishe na upige mara ya tatu. Kundi la mwisho likiangukia mahali pa kundi la kwanza, darubini ni ya kuaminika. Lisipoangukia hapo, uzuri wa kioo hautakusaidia.

Jicho, teke na pete

Darubini nyingi za mawindo hurekebishwa kiwandani zisiwe na hitilafu ya paralaksi kwa umbali wa meta 100 hivi. Zaidi ya hapo, jicho likihama kidogo kutoka katikati, msalaba nao huonekana kuhama juu ya shabaha. Kwa masafa marefu inafaa darubini yenye kifundo cha tatu, kilicho ubavuni, cha kuondoa hitilafu hiyo.

Bunduki nzito nazo hurusha teke. Anayewinda nyati kwa .375 H&H Magnum, risasi iliyobuniwa na Holland & Holland ya Uingereza mwaka 1912, anahitaji nafasi ya sentimita 9 au zaidi kati ya jicho na darubini. Wengi waliopuuza ushauri huo wana kovu la nusu duara juu ya nyusi.

Pete zinazoishikilia darubini nazo zisinunuliwe kwa bei ya kutupa. Zikilegea, hata darubini ya mamilioni itakudanganya. Zikague kabla ya kila safari.

Uzito ni suala jingine. Darubini ya 3-9x40 huwa na uzito wa gramu 400 hivi, ilhali ya 5-25x56 huweza kufika kilo moja. Uwanjani uzito huo huituliza bunduki. Kwa anayetembea kutwa nzima akifuata nyayo, ni mzigo.

Kwa kujumlisha yote hayo, darubini ya 3-15 au ya 2.5-10, yenye lenzi ya mbele ya milimita 42 hadi 50, ndiyo inayokaribia zaidi kuwatumikia mabwana wawili. Itakuwa pungufu kidogo kila upande, lakini haitakwama popote.

Darubini haileti uwezo

Wapo wanaoshinda shabaha za meta 600 uwanjani, kisha wakaamini kuwa wanaweza kumpiga kongoni kwa umbali huohuo. Hapa ndipo darubini nzuri inapoweza kuwa mtego.

Risasi ya .308 huchukua karibu sekunde nzima kufika meta 600. Muda huo unamtosha mnyama kupiga hatua moja, na risasi iliyolengwa moyoni ikaingia tumboni. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni huisukuma risasi hiyo sentimita 20 hivi ikifika meta 300, na karibu meta moja ikifika 600.

Uwanjani kuna bendera za kuonyesha upepo, na kuna risasi za majaribio. Karatasi ikikoswa haiumii. Porini hakuna bendera, na risasi ya kwanza ndiyo hukumu. Ndiyo maana Boone and Crockett Club ya Marekani, iliyoasisiwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, imetahadharisha dhidi ya kuyageuza mawindo kuwa majaribio ya masafa marefu.

Ikumbukwe pia kuwa sheria haifanani kila mahali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, hivyo mwenye bunduki huko hana pa kuipeleka darubini yake ila uwanjani. Nchini Tanzania uwindaji hufanyika kwa kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na umiliki wa bunduki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Darubini haimpi mtu haki ambayo leseni yake haikumpa.

Mnunuzi mwenye busara, basi, ataweka darubini yake kwenye namba ya chini kila aingiapo porini, na ataipandisha pale tu mnyama ametulia na muda upo. Umbali wake wa kuwinda hautaamuliwa na namba zilizochorwa kwenye darubini, bali na zile risasi alizopiga uwanjani akiwa amesimama au amepiga goti, bila meza na bila mto wa mchanga, zikaangukia zote ndani ya duara la sentimita 15.

Ikiwa umbali huo ni meta 150, basi hiyo ndiyo mipaka yake, hata kama begani amebeba darubini inayokuza mara 25.