Mkataba mfupi, swali refu

Anayemaliza shahada ya uzamivu katika hisabati au nadharia ya kompyuta mara nyingi hapati ajira ya kudumu papo hapo. Hupewa mkataba wa utafiti wa mwaka mmoja hadi mitatu. Maabara hana; ana ubao, chaki, na watu wa kubishana nao wakati wa kula. Kwangu mimi, hicho cha mwisho ndicho kinachostahili kulipiwa.

Mwishoni mwa 2012 Hao Huang alikuwa na mkataba wa aina hiyo katika Institute for Advanced Study, Princeton. Siku moja, wakila chakula cha mchana, Michael Saks alimweleza swali la unyeti, lililoulizwa na Noam Nisan na Mario Szegedy mwaka 1992. Chukua kamati inayopitisha jambo pale tu wajumbe wote wanaposema ndiyo. Wote wakishakubali, yeyote akigeuka peke yake, uamuzi unageuka naye. Unyeti ni idadi ya wajumbe wa namna hiyo. Vipimo vingine vya ugumu wa kanuni kama hizi vilikwisha kuthibitishwa kuwa vinakwenda sambamba. Unyeti tu ulibaki nje, na swali lilikuwa kama nao unakwenda sambamba navyo.

Craig Gotsman na Nati Linial walikuwa wameligeuza swali hilo kuwa la maumbo. Mchemraba una kona 8. Unaweza kuchagua 4 ambazo hakuna mbili zinazopakana. Chagua 5, kwa vyovyote utakavyo, na itakuwapo moja inayopakana na nyingine mbili au zaidi ulizochagua. Je, kwenye mchemraba wa vipimo 100? Mwaka 2019 Huang alithibitisha kwamba ukichukua zaidi ya nusu ya kona zake, ipo yenye majirani wasiopungua 10, yaani kipeuo cha pili cha 100, na hilo lilitosha kulijibu swali la unyeti. Alichofanya ni kuandika matriki ya upakanaji wa kona, kisha kubadili baadhi ya 1 kuwa -1. Kiini cha uthibitisho kinaenea kurasa mbili, na mwanafunzi mzuri wa shahada ya kwanza anaufuata.

Wakati huo Huang alikuwa mhadhiri Emory University. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akilirudia swali hilo kila alipotaka kupumzika kutokana na kazi nyingine, na kazi hizo nyingine ndizo zilizompa machapisho. Kamati za ajira huhesabu machapisho. Mtafiti mwenye mkataba wa miaka miwili hana budi kuchagua maswali yatakayoisha kabla ya mkataba huo.