Kijana Anaposahau Upesi

Mzee akisahau hatushangai. Je, kijana? Huenda ni pombe, au kukosa usingizi. Lakini ninyi wa Kibondo na Kasulu, mrina asali akirudi kutoka pori la Moyowosi, akashikwa na homa, kisha baada ya majuma akawa hakumbuki alilotumwa sasa hivi, asinzia mchana na kukesha usiku, shukuni malale. Mbung'o amempa vijidudu. Huanza damuni, huishia ubongoni. Siku hizi wagonjwa ni wachache, kwa hiyo watu husema malaria, au amerogwa. Msingoje: asipotibiwa hufa. Mpelekeni hospitali, mwelezeni mganga alikotoka, apimwe damu na maji ya uti wa mgongo. Akiwahiwa, aweza kupona.