Kundi Limenyamazishwa, Mto Umejaa: Jinsi ya Kupanga Arifa za WhatsApp kwenye Simu na Tarakilishi

Mvua za masika zinapoanza, wakaazi wengi wa Kaunti ya Tana River hupata habari za mto kupitia makundi ya WhatsApp ya kijiji, ya wadi, ya wakulima au ya wafugaji. Mto Tana hauji kwa ghafla kama lagha zinazoteremka baada ya mvua ya usiku mmoja. Maji yanayofurika kutoka bwawa la Masinga na mabwawa yaliyo chini yake, yaani Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, huchukua siku kadhaa kabla ya kufika Garsen na sehemu za delta. Aprili 2024, mabwawa hayo yalipojaa, wakaazi wa kando ya mto walitakiwa kuhamia sehemu za juu. Siku hizo chache ndizo muda wa kuhamisha mifugo, kuvuna mahindi yaliyokomaa, na kuwatoa wazee na watoto mapema. Ujumbe uliotumwa saa tatu usiku na kusomwa kesho yake adhuhuri huwa tayari umekula sehemu ya muda huo.

Mara nyingi ujumbe huwa umefika. Simu ndiyo haikulia.

Sababu inajulikana na kila aliye katika kundi la kijiji. Kundi linalotoa habari za mto ndilo linalobeba salamu za asubuhi, mchango wa matanga, mbuzi aliyepotea, video za siasa na mabishano ya mpira. Mwenye simu huvumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili hufungua jina la kundi, akabonyeza sehemu ya arifa, na kunyamazisha. WhatsApp humpa nafasi tatu: saa 8, wiki 1, au daima. Wengi huchagua daima, na hakuna wa kuwalaumu. Ila neno daima lina maana yake. Kundi halitalia tena hadi mwenyewe akumbuke kulifungua, na wengi husahau kwamba walilinyamazisha.

Jambo hili limekuwa gumu zaidi tangu watu waanze kutumia akaunti moja kwenye vifaa vingi. Akaunti ya WhatsApp huwa na simu moja kuu, na inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne: tarakilishi ya ofisini, tableti ya watoto, na tangu Aprili 2023, hata simu ya pili. Vifaa hivyo hupokea ujumbe vyenyewe hata simu kuu ikiwa imezimwa. Simu kuu ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika, vifaa vilivyounganishwa hutolewa kwenye akaunti.

Kinachofuata akaunti na kinachobaki kwenye kifaa

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hivyo inafaa kueleza polepole. Mipangilio ya arifa iko ya aina mbili.

Aina ya kwanza hufuata akaunti. Kunyamazisha kundi na kulihifadhi kando ni mambo yanayosafiri kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Mwenye duka mjini Hola anayenyamazisha kundi la kijiji kwenye tarakilishi ya dukani, ili wateja wasisikie milio, anaweza kuwa amelinyamazisha pia kwenye simu anayolala nayo kando ya kitanda. Hali ya ujumbe uliosomwa nayo husafiri vivyo hivyo. Mtoto anayecheza na tableti nyumbani akifungua lile kundi, ujumbe huhesabiwa umesomwa, na arifa iliyokuwa ikingoja kwenye simu ya mzazi hutoweka. Mzazi ataangalia simu yake jioni, aone hakuna kipya, na aendelee na shughuli zake.

Aina ya pili hubaki kwenye kifaa chenyewe. Sauti ya mlio, mtetemo, ruhusa ya programu kuonyesha arifa, hali ya kutosumbuliwa, kuokoa betri na kuokoa data hupangwa kwenye kila kifaa peke yake. Simu mpya haitarithi mpangilio wa simu ya zamani. Mtu anayebadilisha simu, kama wengi wafanyavyo kioo kinapovunjika, anapaswa kuupanga upya.

Kwenye tarakilishi kuna tofauti nyingine ndogo. WhatsApp inayofunguliwa kwenye kivinjari hutoa arifa ukurasa wake ukiwa wazi, tena kivinjari kiwe kimepewa ruhusa. Anayetegemea tarakilishi ya ofisi kumwamsha usiku anategemea mashine iliyofungiwa ndani ya ofisi.

Betri na bando

Simu nyingi za Android huzuia programu zisifanye kazi kichinichini ili betri idumu. Hilo ni jema mahali ambapo kuchaji simu ni safari ya kwenda kituo cha biashara na kulipa. Lakini programu iliyozuiwa inaweza kuchelewesha ujumbe hadi mwenye simu aifungue kwa mkono. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya simu, kufungua orodha ya programu, kuchagua WhatsApp, kisha kuondoa kizuizi cha betri kwa programu hiyo moja tu. Nyingine zibaki zilivyo. Hatua hizohizo hufuatwa upande wa kuokoa data: WhatsApp iruhusiwe kutumia data hata wakati kiokoa data kimewashwa.

Anayezima data kabisa usiku ili bando lisiishe hatapata ujumbe wa WhatsApp wakati huo, hata apange vipi. Kwa msimu wa mafuriko, njia ya gharama ndogo ni kuacha data ikiwa imewashwa na kuzuia WhatsApp isipakue picha na video zenyewe. Ujumbe wa maandishi hutumia data kidogo mno. Video za kundi ndizo zinazomaliza bando.

Kunyamazisha kelele bila kupoteza onyo

Kundi lililonyamazishwa bado lina mlango mmoja. Mwenye simu akitajwa kwa jina kwa alama ya @, au ujumbe wake ukijibiwa, simu humpa arifa. Kwa hivyo kundi dogo la familia au la zizi moja linaweza kukubaliana kwamba onyo la kweli litumwe kwa kuwataja watu. Alama hiyo ikitumiwa kwa salamu za asubuhi, itapoteza kazi yake ndani ya wiki moja.

Njia iliyo bora iko mikononi mwa wasimamizi wa makundi. Kundi linaweza kupangwa ili wasimamizi pekee ndio watume ujumbe. Kijiji kikiwa na makundi mawili, moja la mazungumzo na jingine la matangazo ya dharura tu, mkaazi anaweza kunyamazisha la kwanza daima na kuacha la pili likilia. La pili lipewe mlio wake tofauti, ambao mwenye simu ataujua hata akiwa usingizini. Mlio huo, kama ilivyoelezwa, uchaguliwe kwenye kila simu. Wasimamizi wawe zaidi ya mmoja, kwa sababu msimamizi naye hulala, husafiri, na huishiwa na chaji. Na anayetuma habari ya mto aandike imetoka wapi na saa ngapi. Ujumbe wa mwaka uliopita unaosambazwa upya huwafukuza watu makwao bure, na mara inayofuata hawatasikia.

Kwa wanaowasha hali ya kutosumbuliwa usiku, kuna mpangilio wa kuruhusu simu za watu waliochaguliwa. Kwenye Android upo pia wa kuruhusu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15. Inafaa majirani walijue hilo. Onyo kubwa la usiku lipigiwe simu, na ikikatika, lipigiwe tena. Hakuna mpangilio wa WhatsApp unaoshinda simu ya jirani. Tena katika nyumba nyingi mzee hutumia kabambe isiyo na WhatsApp kabisa. Ni lazima awepo mtu aliyekubali, kabla ya mvua, kwamba yeye ndiye atakayempigia au kumbishia mlango.

Kukagua nani mwingine anasoma

Kabla ya kupanga milio, ni busara kuangalia vifaa vilivyounganishwa na akaunti. Kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna orodha yake, ikionyesha kila kifaa na mara ya mwisho kilipotumika. Mkaazi aliyewahi kufungua WhatsApp kwenye saiba ili kuchapisha barua, akaondoka bila kujitoa, anaweza kukuta tarakilishi ile bado inapokea ujumbe wake. Mgeni hapo anaweza kusoma mazungumzo ya nyumbani, yakiwemo ya pesa na ya kitambulisho, na kila anachofungua huhesabiwa kimesomwa na mwenyewe. Kubonyeza jina la kifaa na kuchagua kujitoa kunamaliza jambo hilo papo hapo, bila kurudi saiba.

Kupanga haya yote hakuchukui hata nusu saa, na ni kazi inayoweza kufanywa na kijana wa nyumbani kwa simu za familia nzima. Baada ya hapo lifanyike jaribio: data ikiwa imewashwa, kioo kimezimwa na simu imewekwa mahali inapolala usiku, mtu wa nyumba nyingine atume neno moja kwenye kundi la dharura. Ikiwa simu haikulia, vikaguliwe kwa mpangilio huu: kundi limenyamazishwa, ruhusa ya arifa, betri, data, hali ya kutosumbuliwa.

Wakati wa dharura, nambari za polisi ni 999 na 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Zinapigika hata kwa kabambe.