Ni Nani Anayemtazama Mtoto?

Wazee wetu hapa Busisi hupenda kusema, "Zamani mtoto alikuwa huru. Alichunga ng'ombe mchana kutwa, akaoga ziwani, wala hakuna aliyemwogopea." Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote.

Ng'ambo ya ghuba, huko Bukumbi, Mapadre Weupe walijenga misheni mwaka 1883, wakalea watoto waliokombolewa utumwani. Basi, hata siku zile mtoto aliweza kutekwa asionekane tena. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Tena ziwani mlikuwa na mamba, na kichocho, ambacho kijidudu chake hutoka katika konokono na kupenya ngozi ya mtu aogaye. Mama alimwona mwanawe amevimba tumbo, asijue sababu. Leo dawa yake ipo, na watoto huipewa shuleni.

Basi zamani hatari zilikuwako. Ila macho yalikuwa mengi. Mtoto akiyakaribia maji ya kina, mzee yeyote alimkemea, na mama yake alishukuru.

Siku hizi hatari nyingine imekuja. Zamani gari lilifika ukingoni likasimama kungoja pantoni, na watoto wakalizoea hivyo. Lakini tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, nalo ni neema kubwa kwetu. Sasa magari hupita pasipo kungoja, usiku na mchana.

Siku moja nalimwona mtoto wa jirani akicheza kando ya barabara. Nikanyamaza, kwa kuwa nalidhani baba yake ataudhika nikimwonya mwanawe. Mara akaruka kuufuata mpira, na pikipiki ikampita karibu na bega. Hakuumia, lakini moyo wangu ulinihukumu. Watu wazima wanne tulikuwa pale, na kila mmoja alimtegemea mwenzake.

Wazazi na walimu, tusiwafungie watoto ndani. Tuwafundishe kusimama kando ya barabara, kutazama kulia, kushoto, na kulia tena, ndipo wavuke. Nasi tusiache kuwatazama, kwani mkono mmoja haulei mwana.

Jioni ile nalikwenda kwa jirani nikamwomba radhi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, tangu leo nitamwonya mwanao kama wangu. Nawe ukiwaona wangu barabarani, usininyamazie."