Tanga Lililofika Hombo

Ukisimama upande wa kaskazini wa daraja la Hombo uko Walikale, Kivu Kaskazini. Ukivuka uko Kalehe, Kivu Kusini. Barabara ya taifa namba 3, itokayo Bukavu kwenda Kisangani, inapita hapo katikati ya msitu. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1,000 mashariki. Mito ya huku inaishia Lowa, na Lowa inaishia Lualaba. Watu huivuka kwa mtumbwi wa gogo, kwa kafi au upondo, wala hakuna anayetweka tanga. Hata katika hadithi kuu ya Banyanga, wenyeji wa huku, ile ya Mwindo, aliyoisimulia Shekarisi Rureke mwaka 1956 na kuandikwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mtoto aliyekataliwa na baba yake hutiwa ndani ya ngoma na kutupwa majini, na ngoma ndiyo inayomchukua. Lakini mtu akifiwa, utasikia jirani akisema: tunalala kwenye matanga. Wengine husema kilio. Yote mawili yanaeleweka.

Tanga ni neno la mabaharia wa pwani. Ni kile kinachofungwa kwenye foromali na kupandishwa mlingotini ili chombo kishike upepo. Zamani halikuwa lazima liwe kitambaa. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba, ambacho Wabajuni na watu wa Lamu walikitumia hadi karne ya 20, kilikuwa na tanga la pembe nne lililosukwa kwa miyaa, yaani mkeka mkubwa. Kipindi cha katikati ya kaskazi na kusi, jahazi linapoweza kwenda huku au kule, bado huitwa tanga mbili. Mkeka huohuo mkubwa ukitandikwa chini kwa mfiwa, jamaa wakaukalia usiku na mchana, hapo ndipo matanga. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1870, aliziweka maana hizo pamoja: mikeka mikubwa na matanga ya chombo, kukaa matanga, maombolezo ya siku tano hadi kumi, na kuondoa matanga, kuyamaliza. Siku hizi pwani wengi hukaa siku tatu tu.

Misafara ya biashara kutoka pwani ndiyo iliyoingiza Kiswahili bara. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, aliweka makao Kasongo miaka ya 1870, na watu wake wakasambaa hadi Kisangani. Vita vya 1892 hadi 1894 vilivunja utawala wao, lugha ikabaki. Ila neno hili lina njia ya pili, itokayo magharibi. Kwa Bakongo wa upande wa Atlantiki, matanga ni sherehe ya kumaliza msiba, na Kilingala kimelipandisha neno hilo mtoni pamoja na askari na mabaharia wake. Walikale iko mahali ambapo njia hizo mbili zinakaribiana. Mimi sioni haja ya kunyang'anyana. Aliyezoea Kiswahili alilitambua neno, aliyezoea Kilingala alilitambua pia, na Batembo, Banyanga na Barega hawakungoja neno la mgeni ndipo wajue kulala na mfiwa. Walikuwa na desturi. Neno lilipata mahali pa kukaa.

Desturi yenyewe huonekana tangu jioni ya kwanza. Vijana wanakata miti, wanafunga bashi, yaani turubai, juu ya uwanja, wanaleta viti vya kanisa na mabao ya kuazima. Moto unawashwa kwa magogo mazito, kwa kuwa usiku wa msituni una baridi na mvua haina msimu wake. Wanaume wanauzunguka, karata zinatoka, habari za njia na za bei ya mchele zinatoka, kisha mtu anaanza kumsimulia marehemu na wote wananyamaza. Wanawake wako ndani, chini, pamoja na mfiwa. Mmoja ana daftari. Anaandika kila kilicholetwa na jina la aliyeleta: faranga, beseni la unga wa muhogo, sombe (majani ya muhogo), fungu la kuni, kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Daftari hilo linatunzwa, maana siku ya msiba wa mwenzio utalifungua uone ulichopewa. Asiyekuwa na kitu huleta mwili wake akalala hapo, naye huhesabiwa.

Tangu mauaji ya Ntoto, Walikale, Machi 1993, watu wa maeneo haya wamekimbia mara nyingi. Wako wanaokaa matanga mbali na kaburi, chini ya bashi lilelile wanalolala kila siku kama wakimbizi, na jirani wa matanga anaweza kuwa Muhunde, Mutembo au Muhutu, ambaye kwao wanaagana kwa namna nyingine.

Siku hizi kuna malalamiko, na yana haki: familia inauza mbuzi wa mwisho ili wageni wale vizuri, na watoto wanabaki na deni. Chakula kipunguzwe, kasiksi ipunguzwe, siku zipungue kama pwani walivyofanya. Lakini kulala kusiguswe. Ukipita Hombo ukakuta bashi limefungwa na moto unawaka, shuka garini, toa pole, ukae hata saa moja, na jina lako litaandikwa.