Maji Machachu Kwenye Udongo Mchachu

Mkulima wa Kakamega anayenunua chokaa ili kupunguza tindikali ya shamba lake huenda asiamini habari hii ya São Paulo, Brazili. Huko udongo mwingi wa miwa nao una tindikali, na dawa mojawapo wanayoumwagia ni chachu kuuzidi. Inaitwa vinasi: maji ya kahawia yanayobaki mtamboni spiriti ya miwa ikishatolewa, pH yake karibu 4. Yakimwagwa shambani, uchachu wa udongo hupungua. Jambo hilo limenikosesha usingizi.

Jayme Rocha de Almeida, profesa wa chuo cha kilimo cha Luiz de Queiroz mjini Piracicaba, alilishughulikia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wengi waliogopa kwamba vinasi ingeharibu ardhi. Almeida alishikilia kinyume: pH hupanda, udongo hushika maji vizuri zaidi, vijidudu huongezeka, mmea hupata virutubisho. Siku za kwanza pH huweza kushuka kweli. Kisha bakteria na kuvu hujialika karamuni: asidi za vinasi, masalia ya sukari, mabaki ya hamira. Kadiri wanavyozila asidi, ndivyo haidrojeni inayoleta uchachu inavyopungua. Kazi yote ni ya walaji hao wasioonekana!

Na haohao, mtoni, ni msiba. Lita moja ya spiriti huacha lita 10 hadi 15 za vinasi, na viwanda vilizoea kuimwaga mitoni. Karamu ikifanyika majini, oksijeni huisha na samaki hufa. Mwaka 1975 serikali ilianzisha Proálcool, mpango wa kuzalisha spiriti kwa wingi, nayo ikafurika; katazo la kumwaga vinasi mitoni likaja 1978. Almeida alikwisha sema robo karne nyuma kwamba shambani ingefaa. Walikuwa wakingoja nini?

Vinasi haiondoi haja ya chokaa, maana karamu ikiisha pH hurudi chini taratibu. Isitoshe, imejaa potasiamu: ikizidi hulundikana udongoni na kuzama kuelekea maji ya chini ya ardhi. Ndiyo maana CETESB, mamlaka ya mazingira ya São Paulo, huweka kiwango cha vinasi kwa kuangalia potasiamu iliyomo tayari shambani.

Lakini kuisafirisha vinasi mbali ni gharama. Basi shamba linalopakana na kiwanda linanyweshwa kwa sababu lina njaa ya potasiamu, au kwa sababu liko karibu?